Kitambaa cha Buluu na Simba wa Kwenye Simu

Tone la mvua likianguka kwenye kioo cha simu iliyowashwa, picha iliyo chini yake huvunjika. Mahali palipokuwa na manyoya au majani unaona vidoa vya rangi tatu tu: chekundu, cha kijani na cha buluu, vimepangwa kwa mistari kama mbegu zilizopandwa kwa kamba. Nililiona jambo hili nikiwa likizoni nyumbani Kuluba, nimekaa chini ya mwembe nikitazama The Lion King, ile ya mwaka 2019, kwenye simu yangu ya Tecno. Tone liliangukia uso wa mtoto wa simba. Nikafuta kwa kidole, simba akarudi. Ila tangu hapo nilikuwa nikitazama vidoa.

Kando yangu alilala mbwa wa babu, naye anaitwa Simba, kama mbwa wengi wa pande zetu. Nikamsogezea simu. Akanusa ukingo wake, pale kidole changu kilipokuwa kimeshika, kisha akageuza kichwa upande mwingine. Fisi wa filamu walipocheka, masikio yake yalisimama mara moja. Lakini hakutazama kioo. Alitazama kichaka kilicho nyuma ya choo.

Nilicheka kwanza, nikaona mbwa ni mjinga. Insha hii imetokana na kulifikiria tena cheko hilo.

Vidoa vitatu vya simu havikuchaguliwa kwa sababu dunia ina rangi tatu. Vilichaguliwa kwa sababu nyuma ya jicho la binadamu mna aina tatu za chembe za kupokea rangi. Ukizichokoza chembe hizo kwa vipimo vinavyofaa, ubongo wetu unakubali kwamba umeona manjano, hata kama hakuna manjano yoyote kwenye kioo. Mbwa ana aina mbili tu. Kwake nyekundu na kijani hukaribiana sana. Kuku anayepekua takataka karibu na miguu yangu ana aina nne, kwa hiyo picha ya kuku kwenye simu yangu, machoni pa kuku, ina rangi pungufu. Na inzi huweza kutofautisha mimweko zaidi ya 200 kwa sekunde moja, ilhali filamu huonyesha picha 24 kwa sekunde. Kwetu simba anakimbia. Kwa inzi, mtu anamwonyesha picha zilizoganda, moja baada ya nyingine, polepole.

Simu, basi, ni kifaa kilichoshonwa kwa kipimo cha jicho moja tu. Kumcheka mbwa kwa kutomwona simba humo ni sawa na kumcheka mtu mrefu kwa kutoenea katika shati langu.

Filamu yenyewe iliongozwa na Jon Favreau, nayo ni marudio ya katuni ya mwaka 1994. Haina simba hata mmoja. Wanyama, majani, mawe na vumbi vyote vilitengenezwa kwa kompyuta. Watengenezaji walivaa vifaa vya machoni vinavyomwingiza mtu katika mandhari ya kompyuta, wakatembea ndani ya mbuga isiyokuwepo wakitafuta pa kuweka kamera isiyokuwepo. Filamu ilipotoka, Favreau alieleza kwamba kati ya vipande vyote vya picha, ni kimoja tu kilichopigwa kwa kamera hapa Afrika, kile cha mwanzo cha jua likichomoza. Vingine 1,490 ni kazi ya wachoraji wa kompyuta.

Msomaji wa Kiswahili ana faida ndogo hapa ambayo mtazamaji wa Chicago hana. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, Pumbaa amepumbaa, na kiongozi wa fisi, Shenzi, ametukanwa tangu ubatizo wake. (Sauti ya Shenzi katika filamu hii ni ya Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala. Nilifurahi kujua hivyo, ingawa ningependa Mganda apewe jina lenye heshima zaidi.) Jina lililonishika kuliko yote ni la mama yake Simba. Anaitwa Sarabi, na sarabi kwa Kiswahili ni mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana mbele ya barabara wakati wa jua kali. Sidhani kama walioliweka walikusudia kuikosoa filamu yao, lakini hakuna mhakiki aliyepata neno linaloifaa zaidi.

Lawama yangu ya kwanza ilikuwa hii. Katika katuni ya 1994, Mufasa anapokufa, mwanawe ana nyusi. Zinapanda, zinashuka, macho yanajaa, mdomo unatetemeka. Ni uongo mtupu, na kila mtoto anajua ni uongo, ndiyo maana analia bila tabu. Katika filamu ya 2019 wachoraji walijizuia wasimfanye simba kwa uso wake lile ambalo simba wa kweli hawezi kulifanya. Kwa hiyo baba anakufa, mtoto anamsukuma kwa kichwa, sauti ya mtoto wa binadamu inalia, na uso unabaki uso wa paka anayetazama kitu. Niliandika hivi kwenye daftari langu: masikio yangu yamesikia msiba, macho yangu yameona mnyama asiye na habari.

Darasani tunafundishwa tashihisi, yaani kuvipa visivyo binadamu sifa za binadamu. Tunaisaka katika mashairi, tunaipigia mstari, tunapata alama. Ngano za sungura na fisi zinaishi kwayo. Lakini sungura wa ngano hana uso. Msimulizi haelezi manyoya yake wala namna pua yake inavyochezacheza. Anampa ujanja na mdomo, basi, na msikilizaji anajua kwamba huyu ni shemeji fulani wa kijijini aliyevalishwa masikio marefu. Filamu ya 2019 inataka tashihisi na picha ya pasipoti kwa wakati mmoja.

Kwa bahati nakala yangu ilikuwa na vijee. Kwa wasioijua Uganda: vijee ni mtu anayeitafsiri filamu kwa sauti yake juu ya sauti ya filamu, mara nyingi kwa Kiganda, kama Wakenya wanavyomjua DJ Afro. Vijee wangu, nisiyemtaja kwa sababu nakala yenyewe niliipata kwenye kadi ya kumbukumbu kwa njia ambazo hazina risiti, hakujali uhalisia hata kidogo. Aliwapa fisi majina ya mitaa ya Kampala, akamkaripia Scar kama mwenye nyumba anayedai kodi. Kila alipoongea, nyuso zile zisizosogea zilipata kazi. Aliirudisha filamu kwenye ngano, na sehemu bora za filamu zote ni zile alizozivuruga yeye.

Hapo ndipo nilipotaka kumaliza uhakiki wangu. Kitambaa kilinizuia.

Kuteremka kutoka kwetu kuna kijito kinachoelekea mto Kaya, na kando yake, kwenye kijiti, kuna kitambaa. Kila mtu wa Koboko, Arua, Maracha na Yumbe amewahi kukiona au kukisikia. Ni pande la buluu la sentimita 25 kwa 25, na ubavuni mwake wavu mweusi wa kipimo hichohicho. Kimetiwa sumu ya kuulia mbung'o. Watu wa Liverpool School of Tropical Medicine wakishirikiana na watafiti na maofisa wa Uganda walianza kuvijaribu upande wa Arua na Maracha kuanzia mwaka 2011, wakavipanga kando ya mito, 20 kwa kila kilomita, na mbung'o wakapungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Mbung'o wetu ni wa mtoni. Hakai mbugani akifuata makundi ya ng'ombe. Huzunguka kwenye vivuli vya kingo, tunakochota maji na kufua. Wenzake wa mbugani huvutwa sana na harufu, na kule Zimbabwe, miaka mingi kabla ya kitambaa chetu, watafiti waliwatega kwa vitambaa vikubwa vilivyowekwa manukato yanayofanana na pumzi ya ng'ombe. Huyu wa kwetu harufu haimshughulishi sana. Yeye huongozwa na macho. Anaiona buluu, anaijia, anaizunguka, na katika kuzunguka anaugonga wavu mweusi asiouona vizuri. Hahitaji kutua muda mrefu.

Tazama walichokiacha watengenezaji. Hakuna pembe. Hakuna mkia wala miguu minne. Hakuna ng'ombe yeyote wa buluu anayeishi West Nile. Mchoraji wa filamu, akiambiwa amdanganye mbung'o, angetengeneza ng'ombe mwenye kila unywele, na mbung'o angempita. Waliotengeneza kitambaa walimuuliza mbung'o mwenyewe, kwa kumwekea rangi hii na ile, umbo hili na lile, wakubwa kwa wadogo, na kuhesabu anakwenda wapi. Baadaye wengine wamepima hata chembe za macho yake na kupendekeza kitambaa cha zambarau kinachomvuta zaidi kuliko buluu. Kitambaa ni picha iliyochorwa kwa ajili ya jicho ambalo si letu. Ndiyo maana sisi hatuoni chochote pale ila tambara.

Nadai, na nimejaribu kulitetea dai hili mbele ya wenzangu bila mafanikio makubwa, kwamba kati ya kazi zote za mikono nilizoziona zinazomhusu mnyama na jinsi anavyoiona dunia, tambara hilo ndilo lililofika mbali zaidi. Filamu ilitumia kila hila ya kompyuta kutuonyesha simba, na jicho la simba halikuulizwa swali hata moja. Wenzangu walijibu kwamba kitambaa kinaua. Ni kweli. Ujuzi wa karibu kabisa tulionao kuhusu macho ya mbung'o tuliutafuta ili tumwue.

Wala siwezi kulisema hilo kwa sauti ya huruma, kwa sababu ya babu.

Watu wa Koboko walikimbilia Sudan na Zaire baada ya mwaka 1979, na waliporudi, malale yalirudi pamoja nao. Babu aliugua mwanzoni mwa miaka ya 1990. Malale ya huku kwetu huchukua miezi, hata miaka. Homa za kuja na kwenda, maumivu ya kichwa, halafu vimelea huvuka na kuingia kwenye ubongo. Jina linadanganya kidogo, maana si usingizi tu. Ni usingizi uliopinduliwa: mtu husinzia mchana akiwa na kijiko mkononi, na usiku anakesha akitembea uani. Babu aliacha kuitikia salamu. Uso wake ukawa mtulivu, mtulivu kupita kiasi. Majirani walikuwa wakija kumwona, wanakaa karibu na mkeka wake, na baada ya muda wakazoea kuongea juu yake kana kwamba hayupo. Waligawana mbuzi wake kwa maneno. Walisema huyo aliyelala hapo ni mwili tu.

Dawa ya wakati ule kwa walioingiliwa ubongo ilikuwa sindano yenye aseniki, inayochoma mshipa kama pilipili, na karibu mgonjwa mmoja kati ya 20 alikufa kwa dawa yenyewe. Babu hakufa. Aliamka polepole, na wiki zilivyopita akaanza kuwarudishia watu maneno yao. Fulani, ulisema mbuzi mweupe ni wako. Fulani, ulicheka. Si yote aliyoyakumbuka yalikuwa sahihi. Mengine aliyachanganya na ndoto, na wako wasiosamehewa hadi leo kwa maneno ambayo huenda hawakuyasema. Lakini la mbuzi mweupe lilikuwa kweli, na msemaji alilikiri.

Hadithi hii nimeisikia tangu utotoni kama hadithi ya kuchekesha, jinsi babu alivyookoa mbuzi zake kwa kulala. Niliposoma tena daftari langu, pale nilipoandika "mnyama asiye na habari", haikunichekesha. Nilikuwa nimeketi karibu na mkeka. Uso haukusogea, nami nikaamua kwamba ndani hamna mtu.

Kwa hiyo nusu ya lawama yangu kwa filamu naiondoa. Uso wa simba wa 2019 si kosa la wachoraji. Simba ndivyo alivyo. Huenda simba hufiwa kwa namna isiyopita kwenye nyusi, na anayetaka nyusi ni mimi. Mbwa wa babu hana uso wa kusema mengi, lakini naijua hofu yake mgongoni, furaha yake mkiani na shaka yake masikioni, kwa kuwa nimeishi naye. Nusu ya pili ya lawama inabaki pale pale: wakiwa wameshachagua kunyamazisha uso, walipaswa kutufundisha kumsoma mnyama mahali pengine, mgongoni, mkiani, katika namna anavyosimama. Badala yake walimwekea wimbo.

Kuna watu wanaodhani kifaa kitatutoa hapa. Mwaka 2002 kampuni ya Takara ya Japani iliuza BowLingual, kidude cha kusikiliza mbwa anavyobweka na kuandika kwenye kioo ni hisia gani kati ya sita. Tangu mwaka 2020 kuna programu ya simu inayoitwa MeowTalk, ya paka. Sina ugomvi na watu wanaowapenda paka wao. Ila mtambo unaoyapanga mawazo ya mbwa katika visanduku sita vilivyotajwa na binadamu ni yuleyule vijee wangu, tofauti ni kwamba vijee anajua anatania.

Wanasayansi nao wamesogea. Tamko la Cambridge la mwaka 2012 lilisema binadamu si peke yake mwenye vitu vya ubongo vinavyozaa fahamu. Tamko la New York la Aprili 2024 lilikwenda mbele zaidi: kwamba upo uwezekano wa kweli wa fahamu kwa wanyama wote wenye uti wa mgongo, na kwa wengi wasio nao, wadudu wakiwemo. Halikusema mdudu anahisi. Lilisema si haki kuupuuza uwezekano huo tunapofanya maamuzi yanayomgusa.

Kama mwanafunzi wa Kiswahili siwezi kulipita tamko hilo bila kusema kwamba sarufi yetu ilishaweka sahihi. Kipepeo ana umbo la ki-, lakini hatusemi kipepeo kimekufa, tunasema amekufa. Kiroboto anaruka, kifaru analala, mbung'o anauma. Mti, hata uwe na miaka mia mbili, umeanguka. Na vimelea vya malale, vile vilivyomlaza babu, vinaingia, vinazaliana, vinaua: vimebaki vitu. Mpaka umepigwa mahali fulani kati ya mbung'o na anachokibeba. Aliyeupiga simjui, lakini nimeupitia mara nyingi nikitafuta kosa na sijalipata. (Kiswahili chetu cha sokoni Koboko kinasema "mbwa iko wapi", na pia "mzee iko wapi", kwa hiyo kwetu mpaka umefutwa kwa watu na mbwa sawasawa. Mwalimu huona ni kosa. Babu, aliyekipata Kiswahili chake kwa wanajeshi, haoni.)

Huyo mbung'o anayeuma, jike, hatagi mayai mamia kama inzi wengine. Hubeba mtoto mmoja tumboni kwa siku tisa au zaidi, akimlisha kwa maziwa yanayotengenezwa ndani ya mwili wake, kisha humzaa akiwa karibu mkubwa kama yeye. Kwa sababu watoto wake ni wachache, inatosha kuwaua majike asilimia nne tu kila siku na kizazi chote kitakwisha. Kitambaa kinategemea hesabu hiyo. Kinategemea kwamba yeye ni mama wa aina hiyo.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina yetu si tatizo la afya ya jamii tena Uganda. Siku hizi kuna vidonge, fexinidazole, vya siku kumi, wala hakuna wa kuchomwa aseniki. Kama ningepewa vitambaa mia leo ningevisimika vyote, na ningempigia babu simu kumwambia.

Kabla sijarudi chuoni niliteremka kijitoni na mbwa. Kitambaa kilichobaki kimepauka kwa jua, upande mmoja karibu cheupe. Simba alikunywa maji chini yake bila kukitazama. Nilisubiri karibu saa nzima. Akaja mbung'o mmoja, akazunguka mara mbili, akagonga wavu, akatua kwenye jani, akakunja mabawa yake moja juu ya jingine kama mkasi. Nilitoa simu nimpige picha. Kamera haikutaka kumlenga, kila mara ilirukia buluu iliyo nyuma yake. Akaruka akaondoka, na sasa nina picha tatu nzuri za kitambaa.